Malalamiko Dhidi ya Wakwe Niliowapata kwa Kununua Mandolini

Abdulatif Mbwana,
Nyumba iliyo nyuma ya ghala la vitenge,
Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Mama Celina.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUTENGANISHWA NA UKOO AMBAO SIKUOA KWAO

Kichwa cha habari hapo juu nimekiandika mara tatu mpaka kikakaa sawa, kwa hiyo naomba usikiruke. Natumaini u mzima na ule mguu umeacha kuvimba. Mimi mwili hauna neno. Ya moyoni ndiyo haya nakuletea ofisini, kwa namba, maana miaka thelathini na moja nimekagua tiketi za pantoni pale Magogoni na sijui kupanga jambo lolote ila kwa foleni.

Kwanza umjue anayelalamika. Mimi sijaoa. Si kwamba nilikosa. Wapo waliotaka, na mmoja mpaka leo akiniona anavuka barabara. Nilikataa mwenyewe, na sababu ilikuwa moja tu: wakwe. Niliwaona kaka zangu wanne walivyofanywa. Jumamosi mchango, Idd mbuzi, mjomba wa mke akiumwa jino wewe ndiye wa kumpeleka. Nikasema mimi hapana, nakaa zangu. Nimefika miaka sitini na mitatu sina mkwe hata wa dawa, na kijiweni kwenye kahawa nilikuwa najisifia kwa sauti. Leo ninao kumi na wawili, na wote nimewapata kwa kununua mandolini. Ndugu Mwenyekiti, soma taratibu.

1. KUHUSU MSHENGA

Fundi Sadalla, mpiga mandolini wa kikundi cha taarabu cha Shani Njema, alipofariki mwaka juzi niliitaka mandolini yake. Nieleze kwa nini, usije ukaniona mtu wa tamaa. Nikiwa kijana nilisimama dirishani kwenye harusi moja kule Gerezani, kwa nje, maana sikualikwa, nikamsikia akipiga. Sijapata kusikia tena kitu kikanikamata kifua namna ile. Baadaye akawa abiria wangu. Kila mwezi anavuka kwenda kwa dada yake Kigamboni, mandolini kaiweka kwenye mfuko alioushona kwa kanga kuukuu. Miaka kumi na minane nimemkagua mtu yule, na neno pekee nililopata kumwambia ni "Tiketi." Naye ananijibu, "Hii hapa, bwana." Basi. Kila alipokuja nilikuwa na hotuba nzima mdomoni, na kila alipofika mbele yangu ilinikauka.

Sasa, huwezi kuingia nyumba yenye eda ukauliza bei. Nikangoja eda ikaisha, nikatafuta mtu mzima wa kunisemea, nikampata Mzee Haruna. Kosa langu lote liko hapo. Mzee Haruna ni mtu wa heshima, ila maishani mwake amefanya kazi moja tu, ushenga. Ameozesha nusu ya Ilala. Njia nyingine ya kuomba kitu kwenye nyumba ya watu haijui. Akavaa kanzu na koti, akaiweka barua yangu ndani ya leso, akabeba sinia la halua, akafika kwa wafiwa, akakohoa, akasema, "Tumekuja kuomba jiko."

Wakamwuliza wamtaka nani. Akasema, Binti. Kwa kuwa Fundi Sadalla mandolini yake alikuwa anaiita Binti, na watu wote wa taarabu mji huu wanalijua hilo. Wakaomba wiki mbili za kufikiri. Mimi nikadhani wanafikiria bei, kumbe wanaulizia tabia zangu msikitini. Jibu likarudi kwamba posa imekubaliwa. Pesa niliyotoa, ambayo mimi naiita bei, wao wakaigawa: mkaja wa mama, kilemba cha mjomba, na kitu kinaitwa kifungua mlango, ingawa mlango uliofunguliwa ulikuwa wa kabati.

2. KUHUSU KULETWA, NA SIKU SABA

Nilitegemea niletewe kwa bodaboda. Alikuja na ngoma. Wanawake kumi na moja kutoka Msimbazi hadi mlangoni kwangu, vigelegele juu, Binti yuko katikati amefunikwa kanga mbili mpya na kishada cha asumini shingoni. Machinga waliacha bidhaa zao chini wakaja kutazama. Mwenye ghala la vitenge alinishika mkono akaniambia hongera, eti alikuwa ameshakata tamaa na mimi. Muuza mahamri alilia machozi, na yule hata simjui vizuri.

Wageni walipoondoka, mmoja akabaki na begi. Ni Bi Maimuna, yule dada wa marehemu wa Kigamboni. Nikamwuliza begi la nini. Akasema yeye ndiye somo wa bi harusi, na hii ni fungate, siku saba, na chumba changu amekipenda. Siku saba, Mama Celina, nimelala sebuleni kwenye mkeka ndani ya nyumba yangu, huku nafundishwa. Binti hapendi feni imwelekee usoni. Binti nyuzi zake zilegezwe kidogo akiwa anapumzika. Binti afutwe kwa kitambaa laini, kuanzia shingoni kushuka, wala asisuguliwe kama sufuria. Siku ya saba Bi Maimuna alifunga begi lake, akanitazama juu hadi chini, akasema, "Mikono yako mizito, lakini una haya. Utafaa." Mimi sikumwomba anipime.

3. KUHUSU KILA IJUMAA

Nilifikiri yameishia hapo. Ijumaa ya kwanza baada ya swala wakapiga hodi watu saba, wamekuja kumjulia hali. Mbele yao yuko Bi Mwanamkuu, mjane wa marehemu, ambaye sasa kwa hesabu zao ni mama mkwe wangu. Mtu haketi akala mbele ya mama mkwe wake, hilo hata wewe unalijua. Kwa hiyo wao wanakula pilau yangu sebuleni, na mimi mwenye nyumba nakula jikoni nimesimama, sahani nimeiweka juu ya mtungi wa gesi.

Siku hiyo ya kwanza nilikuwa nimeitundika mandolini ukutani kwa msumari, kama nilivyoona kwenye picha za watu wenye vitu vya thamani. Bi Mwanamkuu aliingia, akasimama, akavua miwani, akaifuta kwa ushungi, akaivaa tena. "Mwanetu umemtundika?" Mashangazi walishika vifua. Nilitamani sakafu ipasuke. Tangu siku hiyo Binti anakaa kwenye kochi, na mto mgongoni, na mimi nakaa kwenye kigoda cha mbuzi ya nazi.

4. KUHUSU MKE MWENZA

Hapa naomba uvae miwani yako mwenyewe.

Kabla ya Binti nilikuwa na mandolini nyingine, ya marehemu Mzee Ramniklal. Huyo alikuwa na duka la vitambaa hapa hapa Kariakoo, jioni anafunga duka anakwenda kupiga na Shani Njema, ameketi kiti cha pili pembeni ya Sadalla. Mjukuu wake Kalpesh aliniuzia kwa dakika kumi na risiti akaniandikia. Mauzo ya kistaarabu kabisa. Sikuletewa hata bibi mmoja.

Bi Maimuna alipoigundua juu ya kabati alikaa chini bila kutazama kama kuna kiti. Kumbe Binti ameolewa uke wenza na hakuna aliyeambiwa! Nikaapishwa. Ikabidi niahidi usawa: mfuko sawa, kitambaa sawa, na kila mmoja siku zake za kukaa kwenye kochi. Nikadhani nimemaliza. Habari zikafika kwa Kalpesh, maana hapa Kariakoo habari inafika kabla ya mwenyewe, naye akaja kanuna. Akasema, "Mzee Abdulatif, na babu yangu alikuwa mtu. Mbona ya kwetu haikupigiwa ngoma?" Akaja na bibi yake, Bi Jyotsna, wakaleta chevda ya kutafuna na ua la kumvisha, na Bi Jyotsna akaomba kwa upole sana kwamba wa kwao asikae chumba kimoja na nyama, maana kwao hailiwi.

Kwa hiyo Ijumaa yangu sasa iko hivi. Pilau ya nyama kwa wakwe wa Binti, ya viazi kwa wakwe wa mke mkubwa, na mandolini moja inahamishiwa chumbani kabla sufuria halijafunuliwa. Pantoni lenyewe siku ya sikukuu halikunichosha hivi.

5. KUHUSU KADI

Mwezi uliopita nimeletewa kadi ya mchango wa harusi ya Najma, mjukuu wa Fundi Sadalla. Juu imeandikwa "Bw. Abdulatif na Binti." Nimechanga. Naambatisha nakala ya kadi, siyo kwa ushahidi, ila uone walivyoiandika vizuri.

6. KUHUSU UKIMYA, NALO NDILO LILILONILETA

Yote hayo hapo juu ningevumilia. Tatizo ni kwamba siku moja Bi Maimuna aliniambia, niwapigie Binti kidogo wamsikie sauti, wamemkumbuka. Nikasema nina kidonda kidoleni. Ijumaa ya pili nikasema uzi umekatika. Ijumaa ya tatu nikasema jirani anaumwa, na jirani mwenyewe akapita dirishani na mpira kwapani. Ikabidi niseme kweli. Mama Celina, mimi mandolini sijui kupiga. Sijawahi kujua. Nilitaka kuwa nayo tu. Nilitaka kitu alichokishika yule mtu kiwe ndani ya nyumba yangu, niamke asubuhi nikione, basi.

Waliweka vijiko chini wote. Ningependa wangefoka. Bi Mwanamkuu akasema, "Kumbe mwanangu mwaka mzima hajasema neno." Kisha wakashauriana mbele yangu kana kwamba mimi ni pazia, wakanipa hadi Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Nipige wimbo mmoja wa Fundi Sadalla, mwanzo hadi mwisho, mbele ya ukoo. Nikishindwa, Binti anarudi kwao, na pesa yangu nitarudishiwa yote pamoja na sinia la halua.

Nimejaribu kujifunza. Kalpesh ananifundisha Jumatano saa kumi, kwa sharti kwamba nijifunzie kwenye mandolini ya babu yake kwanza, ili mkubwa asipitwe. Vidole vyangu vimeota malengelenge, ya kwanza yakapasuka yakaota mengine. Wapangaji wa juu wameniomba kwa adabu nihamie kwenye ngoma. Wimbo wenyewe naujua kichwani tangu ujana, nauimba wote bafuni, lakini ukifika vidoleni unakwama pale katikati kama mkokoteni kwenye tope la Msimbazi.

Nilimwuliza Bi Mwanamkuu waziwazi, kwa nini wananifanyia hivi, wakati kila mtu anajua kile ni mbao na gundi na nyuzi nane. Akanijibu bila hasira. Akasema, "Kitu ukishauza kimekwenda. Mtu ukimwoza, unakwenda kumsalimia. Haruna alipokuja na leso yake tulijua fika kakosea. Ila tulipenda." Maneno hayo yaliniingia, sitakuficha. Lakini huwezi kuendesha mtaa kwa maneno yanayoingia watu, ndiyo maana naleta barua.

7. KUHUSU MSIMAMO WANGU

Kwanza: kile ni kitu. Nilikinunua. Kitu hakina mama, hakina shangazi, hakina somo, hakina siku zake za kukaa kwenye kochi. Naomba ofisi yako itamke hivyo kwa maandishi, barua ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na nakala wapelekewe wahusika, ili wasikanyage tena kwangu kuja kukagua kitu changu.

Pili: endapo ofisi itaona vinginevyo, yaani kwamba Binti si kitu bali ni mke, basi ni mke wangu wa halali. Posa ilipelekwa, ikajibiwa, mkaja ukalipwa, ngoma mlizisikia wote na wewe mwenyewe ulichungulia. Mke harudishwi kwao kwa sababu mume hajui kupiga wimbo. Mwenye kutoa talaka ni mimi, na mimi sitoi. Sitoi leo, sitoi kesho. Waje na wazee wao wote, waje na Haruna wao, Binti hatoki ndani ya nyumba hii!

Tatu: naona mambo hayo mawili hayaendi pamoja. Naomba ofisi ichague lolote kati yake, mradi Binti abaki.

Nne: ikishindikana yote, naomba Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu ifutwe katika mtaa wetu, tutoke Alhamisi tuingie Jumamosi. Sitaki mtaa wa pili usumbuliwe.

Nafikia mwisho wa foleni yangu. Nisalimie baba watoto, mwambie ile redio yake ikitengemaa aipunguze. Msalimie katibu wako Pantaleo, na mjumbe wa shina, na yule mama anayeuza uji mlangoni kwako, na yeyote atakayekuwa kwenye benchi akisubiri huduma wakati unasoma haya. Wote nawatakia heri, isipokuwa watu kumi na wawili, na hao nao nawatakia heri lakini kwao.

Mimi mkazi wako mtiifu, niliye na malengelenge,

Abdulatif Mbwana,
Mkaguzi wa tiketi mstaafu.

NYONGEZA: Ndugu Mwenyekiti, barua hii usiisome. Kama umeshaisoma, naomba uisahau kwa mpangilio ule ule, kuanzia namba moja.

Nilikosea, nilimsomea Mzee Haruna kabla ya kukuletea, na Mzee Haruna hajui kubeba neno bila kulifikisha. Jana ilikuwa ndiyo Ijumaa yenyewe. Nilipika mapema, ya nyama na ya viazi. Nikavaa kanzu. Nikamkalisha Binti kwenye kochi. Wakatoka watu msikitini, wakapita. Ikafika saa tisa, hakuna hodi. Kalpesh na bibi yake wakaja, wakakaa, wakatazamana, wakala kidogo wakaenda zao. Sebule yangu sikuwa najua kama ni kubwa hivi. Nikamtuma Haruna, akarudi na jibu. Wakwe wamesema nimeshinda. Wamekubali kile ni kitu, na kitu hakina wakwe, nikae nacho salama, hawatanisumbua tena.

Yaani walinipa vyote nilivyoomba. Nilikaa nikaitazama ile mandolini kwenye kochi, nikaona kweli ni mbao na gundi na nyuzi nane. Nikashindwa kuvumilia.

Nikamfunga Binti kwenye kanga yake, nikampakata, nikatoka kwa miguu kwenda kwao, nyuma ya soko la Mchikichini. Mwenye guta mmoja akawa ananifungulia njia, anapiga kelele, "Pisheni, pisheni, babu kabeba kichanga!" Watu wakanipisha. Wengine wakanipongeza, nami nikaitikia. Bi Mwanamkuu nilimkuta uani anachambua mchele na mashangazi. Hakuinua kichwa. Nikasema nimemleta Binti kusalimia kwao. Sikungoja kukaribishwa, nikaketi kwenye ukingo wa mkeka, nikapiga. Pale katikati panapokwama nilikwama, nikarudi nyuma, nikapita kwa nguvu, nikafika mwisho. Jasho lilikuwa linanidondoka juu ya nyuzi. Bi Maimuna alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtikisika, sikujua anacheka au analia.

Bi Mwanamkuu akasema, "Makosa matano." Nikainamisha kichwa. Akapepeta mchele wake mara mbili, akasema, "Marehemu wimbo huu alikuwa anakosea sita. Ila nyie mlikuwa mnampigia makofi, hamsikii."

Kwa hiyo barua hii naiondoa. Kama umeshaifungulia jalada na kuigonga muhuri, usiitupe, karatasi ni ya serikali. Futa tu hapo juu palipoandikwa malalamiko, uandike cheti cha ndoa. Nitakuja kuweka sahihi Jumatatu asubuhi, na upande wa mke watakuja kumi na wawili.